Nyasi Hazilindwi kwa Amri ya Mbali

Iko mali moja katika nchi yetu ambayo twaikanyaga kila siku, na wachache kati yetu ndio wanaoihesabu kuwa mali. Pamba twaipima kwa kilo. Ng'ombe twawahesabu kila jioni waingiapo zizini, na akipotea ndama mmoja hatulali. Lakini nyasi zilizomnenepesha ng'ombe huyo hatuzihesabu, wala hatuulizi kama mwaka huu zimepungua au zimeongezeka. Zikiisha twasema Mungu ametunyima mvua, twafunga mizigo, twahamia kwa wengine.

Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Ni wachache barani Afrika wanaotushinda kwa wingi wa mifugo. Hata hivyo kila kiangazi kinapokolea twasikia habari zile zile: ng'ombe wamekufa kwa njaa, mazao yameliwa, mkulima na mfugaji wamepigana, watu wameumizwa na wengine wamezikwa. Habari hizi hazianzi siku ile rungu linapoinuliwa. Huanza miezi mingi nyuma, wakati malisho ya kijiji yalipokosa mtu wa kuyasemea.

Neno letu leo ni hili. Malisho hulindwa na watu wanaoyatumia, kwa sheria waliyoitunga wenyewe na wanayoweza kuisimamia wenyewe. Amri ikitoka mbali, nyasi haziponi. Ikiwa hakuna amri yo yote, nyasi haziponi vile vile. Ushahidi wetu twautoa Usukuma, katika nchi ya Shinyanga, kwa sababu huko makosa yote mawili yalikwisha kufanyika, na huko huko dawa ikapatikana.

Kwanza na tuelewane juu ya nyasi zenyewe. Nyasi hazifanani na mahindi, ambayo ukiyakata yamekwisha. Sehemu ya nyasi inayochipua iko chini, karibu na ardhi, ndiyo maana ng'ombe akizikata zaweza kuota tena. Lakini nguvu ya kuota tena hutoka mizizini, na mizizi hupata chakula chake kwa kazi ya majani. Ng'ombe akila jani, mizizi hutoa akiba yake ili jani jingine lichipue. Jani hilo likiliwa kabla halijakomaa, akiba hutolewa mara ya pili. Likiliwa mara ya tatu na ya nne, akiba huisha, mizizi hufupika, na shina zima hufa. Zinazotangulia kufa ni zile nyasi nzuri za kudumu, kwa kuwa ndizo ng'ombe azipendazo. Mahali pake huota majani ya msimu mmoja, yanayokauka mara mvua ikatikapo, pamoja na vichaka vya miiba. Mwisho ardhi hubaki uchi. Matone ya mvua huipiga, juu yake pakawa pagumu kama sakafu, na maji badala ya kuingia hukimbilia korongoni yakichukua udongo. Hapo hata mvua ikinyesha vizuri watu watalia ukame, kumbe mvua ilifika ikakuta mlango umefungwa.

Basi nyasi zataka mambo mawili: kuliwa kwa kiasi, na kupumzishwa. Wataalamu wa malisho wana kanuni nyepesi ambayo hata mtoto wa shule aweza kuishika: lisha nusu, acha nusu. Ile nusu inayoachwa hulisha mizizi, hufunika udongo, na huangusha mbegu za mwaka ujao.

Na tufanye hesabu ya mfano. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 hula kadiri ya kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Mtu mwenye ng'ombe 20 ahitaji kilo 120 kila siku. Kwa siku 120 za kiangazi kikali atahitaji kilo 14,400, yaani zaidi ya tani 14. Tuseme hekta moja ya ardhi yake imetoa tani 2 za nyasi kavu. Akiacha nusu, imebaki tani 1 ya kulisha. Basi mtu huyu ahitaji hekta 14 na kidogo, zilizowekwa akiba tangu masika, ili ng'ombe wake wavuke kiangazi bila kula cha mwenzake. Kaya 50 za namna hiyo katika kijiji kimoja zahitaji hekta 720. Twauliza: ni vijiji vingapi ambavyo uongozi wake umepata kukaa chini na kupiga hesabu hiyo? Hesabu ya michango twaijua. Hesabu ya kura twaijua sana. Hii ya nyasi je?

Wazee wa Kisukuma hawakuwa na mizani, lakini hesabu hii waliijua, na jibu lake waliliita ngitili. Mvua zinapoanza, kipande cha ardhi hufungwa, mifugo isiingie. Nyasi huota, huchanua, huangusha mbegu, kisha hukaukia papo hapo zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikolea na machunga ya wazi yakiisha, yapata mwezi wa Julai au Agosti, ndipo ngitili hufunguliwa. Mwenye busara hafungui yote kwa mara moja. Hufungua sehemu, ikiisha hufungua nyingine. Wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wa kukamwa, walio wazee na wagonjwa, na maksai wa kulimia. Hao hawawezi kutembea mbali kutafuta majani, na maksai akikonda kiangazi, mvua za kwanza zitampita mwenyewe akiwa hana wa kuvuta jembe.

Ziko ngitili za kaya moja, karibu na nyumba, nyingine zisizofika hata hekta moja. Ziko pia ngitili za kijiji kizima, za makumi ya hekta. Ndani yake miti huachwa isimame: migunga hutoa kivuli, kuni na maganda yanayoliwa na mifugo. Mipaka haikuwa na uzio wa waya. Uzio wake ulikuwa neno la watu katika mkutano wao uitwao dagashida. Aliyevunja neno hilo alitozwa faini mbele ya jirani zake, na aliyekaidi alitengwa. Wala Wasukuma hawako peke yao katika jambo hili. Wamasai nao wana olopololi, malisho ya ndama yaliyotengwa karibu na boma. Mtu asije akatuambia kwamba kuhifadhi malisho ni elimu iliyoletwa na meli.

Sasa tazameni jinsi elimu hii ilivyovunjwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya kikoloni iliongoza ufyekaji mkubwa wa mapori ya Shinyanga ili kuwafukuza mbung'o. Mbung'o walirudi nyuma, watu na ng'ombe wakaenea, lakini na miti ikaenda. Baada ya vita kuu ya pili bei ya pamba ilipanda, mashamba yakapanuka, na mkulima aliyepata fedha za pamba aliziweka katika ng'ombe, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa benki yake. Mashamba yalizidi na ng'ombe wakazidi, huku malisho yakipungua.

Wakoloni waliona ardhi inachakaa, na kwa hilo hawakukosea. Walipokosea ni katika dawa. Mwaka 1947 walianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Likaja rundo la amri: punguza ng'ombe, lima kwa matuta ya namna hii, usikate mti huu, usilishe pale. Watemi walifanywa kuwa mkono wa kuzitekeleza, na mahakama zao zikatoza faini. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na maana kwa ardhi. Lakini mwenye ng'ombe hakuulizwa. Aliona afisa anakuja na daftari, anahesabu zizi lake, anamwambia ng'ombe kadhaa lazima waende mnadani, na bei ya mnada haikupangwa naye. Je, mtu huyo atamwita afisa huyo mlinzi wa nyasi? Alimwita mwizi wa ng'ombe. Amri hizo zilikuwa miongoni mwa manung'uniko makubwa yaliyowasha moto wa siasa Usukuma, ambako TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilizuiwa kufanya kazi yake mpaka mwaka 1958. Watu walizikataa amri, na amri zikafa. Hasara ikabaki moja: jambo jema la kutunza malisho likapata jina baya, likafanana na utawala wa mgeni.

Lakini haitakuwa haki kumtupia mkoloni kila kosa na sisi tukanawa mikono. Nchi ilipokuwa mikononi mwetu wenyewe, mwaka 1974 na 1975, Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwa haraka na kwa nguvu. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, na nia hiyo hatuidharau. Lakini mtu alitolewa katika uwanja wake akaenda kukaa mbali, na ngitili yake ikabaki nyuma. Haikuwa yake tena kwa sababu hakai pale. Haikuwa ya jirani, kwa sababu jirani naye amehamishwa. Ilisemekana ni ya wote, na wote wakaingia, kila mtu na ng'ombe wake, kila mtu na shoka lake. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais, alipoizuru Shinyanga aliona nchi inayogeuka jangwa, naye hakuficha. Kufikia mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika mkoa ule mzima zilikuwa hekta 600 hivi.

Hapo ndipo somo letu linapoanza. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida: vitalu vya miche, miti ya kigeni, watu wakahimizwa kupanda. Miche mingi ya namna hiyo haiwezi kuvumilia kiangazi na meno ya mbuzi. Kisha maafisa wakafanya jambo ambalo wa mwaka 1947 hawakulifanya: waliuliza. Walikaa na wazee na vijana wakauliza hapo zamani malisho yalitunzwaje. Jibu likawa ngitili. Kilichotakiwa hakikuwa miche mipya. Mizizi ya migunga na ya nyasi za kudumu ilikuwa bado imo ardhini, mbegu nazo zilikuwamo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kupumzika.

Kazi ya kulinda ilirudi kwa wenyewe. Dagashida ilikaa tena, ikataja mipaka, ikataja faini. Sungusungu, ambao walikuwa wamejitokeza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwakabili wezi wa ng'ombe, wakawa pia walinzi wa nyasi. Halmashauri za vijiji ziliandika yale yaliyoamuliwa. Na matokeo yake? HASHI ilipofikia mwisho wake mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa au kuanzishwa zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji 833. Kutoka 600 hadi 300,000, ndugu zetu, kwa kizazi kisichotimia miaka 20. Hakuna kikosi cha askari ambacho kingeweza kuifanya kazi hiyo, na kama kingeweza, nani angekilisha?

Faida haikuwa ya ng'ombe peke yao. Kuni zilirudi karibu, na mwanamke aliyekuwa akienda alfajiri na kurudi jua kali akapata saa zake. Nyasi za kuezekea, asali, dawa na matunda ya porini vilirudi pamoja na ndege. Ziko ngitili za vijiji ambazo mapato yake yalisaidia kujenga madarasa na zahanati. Uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya mtu wa kijijini kwa wastani yalikuwa dola 8 na nusu. Mtu akikuambia nyasi na vichaka havina thamani, mpe hesabu hiyo.

Sasa tuseme na yale yasiyopendeza, maana gazeti linalosifu tu halimsaidii mtu. Ngitili nyingi ni za kaya, na kaya yenye ardhi kubwa ndiyo yenye ngitili kubwa. Asiye na ardhi anabaki akinunua nafasi ya kulisha kwa mwenzake kila kiangazi, au anabaki akitazama. Tukiacha jambo hili liende hivi, jina la hifadhi litakuwa ngao ya wachache kujifungia malisho, na maskini atasukumwa barabarani na mbuzi wake watano. Hilo sisi hatuliungi mkono. Kila kijiji chenye ngitili za watu binafsi hakina budi kuwa na ngitili ya wote, na ndani yake yule asiye na ng'ombe awe na haki yake ya kuni, ya nyasi za kuezekea, na ya kutundika mzinga. Asiye na fungu katika kitu hawezi kukilinda. Usiku atakuja na shoka, na hatutakuwa na neno la kumwambia.

Pili, yako mashoka makubwa kuliko hilo. Shamba jipya, tanuri la mkaa, na mnunuzi wa ardhi mwenye fedha mkononi vyote vyaitamani ngitili, kwa sababu udongo uliopumzika ndio wenye rutuba. Kipande kilichochukua miaka 10 kupona chaweza kufyekwa kwa wiki moja.

Wako watakaotujibu: "Haya yote ya nini? Punguzeni ng'ombe, mambo yatakwisha." Twawajibu kwamba ng'ombe ni jembe, ni maziwa ya mtoto, ni mahari, ni karo ya shule, na ni akiba ya siku ya ugonjwa. Mtu hawezi kuambiwa aitupe akiba yake kabla hajaonyeshwa pa kuiweka. Mpe mnada wa karibu wenye bei ya haki, mpe josho na chanjo ili asilazimike kufuga 50 kwa hofu kwamba 20 watakufa, nawe utaona atauza mwenyewe. Na auze kwa wakati: dume aliyenona mwezi wa Mei ana bei, dume yule yule mwezi wa Oktoba ni ngozi na mifupa, na katikati hapo amekula nyasi ambazo zingemwokoa mtamba.

Lakini na hapa tusipindishe maneno. Ardhi ya kijiji haipanuki. Mwenye ng'ombe 300 katika malisho ya pamoja anakula fungu la jirani zake wengi wenye ng'ombe watano watano, na mara nyingi ndiye anayepiga kelele za kwanza kwa jina la mfugaji mnyonge. Mkutano wa kijiji una haki ya kumwuliza: ng'ombe hawa wanakula wapi, na wewe unachangia nini katika kuyatunza malisho? Hilo si wivu. Ni swali la ujirani.

Wengine hujibu kinyume: "Mfugaji anayehamahama ndiye mharibifu, afukuzwe." Nao wamekosa. Katika nchi zenye mvua haba na zisizo na uhakika, kuhama kwa mpango ndiko kunakozipumzisha nyasi. Ubaya ni kuhama bila mapatano. Wasukuma wengi wamehama na ng'ombe wao kutoka kaskazini mpaka Usangu, Rukwa, Katavi, Kilombero na hata Lindi, nao wametafuta kile kile walichokikosa nyumbani. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu kwa ajili ya kulinda maji ya Ihefu, na wengi wao wakaelekezwa Lindi. Maji ya Ruaha ni ya taifa zima, na kuyalinda ni lazima. Lakini kumwondoa mtu mahali pamoja bila kwanza kumwandalia malisho mahali pengine ni kuuchukua ugomvi kutoka wilaya moja kuupeleka nyingine kwa gharama ya Serikali. Waulizeni wakulima wa huko alikopelekwa.

Mfano wa mapatano tunao. Katika wilaya ya Kiteto, mkoa wa Manyara, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliona kwamba ng'ombe wao hawajui mpaka wa kijiji. Badala ya kila kimoja kujifungia kipande chake, vilikubaliana kuyaweka malisho yao pamoja chini ya mpango mmoja wa matumizi ya ardhi, wakaliita eneo hilo OLENGAPA, kwa kuchukua vipande vya majina yao. Palipokuwa pa kugombania pakawa na sheria moja. Si kazi nyepesi, na mashamba mapya hayaachi kunyemelea mipaka. Lakini sasa anayeingia kwa hila anajulikana kuwa mhalifu, maana mpaka umeandikwa.

Na huo ndio ufunguo: kuandikwa. Sheria zipo, tena tunazo kwa miaka mingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria hiyo hiyo yaruhusu vijiji jirani kupatana juu ya matumizi ya ardhi kwa pamoja. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ilikuja mwaka 2007, na ya malisho na vyakula vya mifugo mwaka 2010. Sheria hazikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni mkutano uliojaa watu wanaojua wanachokitaka. Ngitili isiyoandikwa ina nguvu mradi wazee walioipima wangali hai. Wakifa, mtoto wa mjini atarudi na mnunuzi, na nani atashuhudia?

Kwa hiyo twatoa shauri letu, na twalitoa kwa kila mwanachama na kila mpenda nchi anayekaa katika kijiji cha wafugaji, asingoje kuamriwa.

Kwanza, Mkutano Mkuu wa Kijiji uyapime malisho na kuhesabu mifugo, kila zizi kwa hesabu ya kweli, bila kumtisha mtu. Hesabu hii isiwe ya kodi wala ya kunyang'anya. Iwe ya kujua kiangazi kitatukuta na nini.

Pili, kabla ya mvua kuanza, zitajwe sehemu zitakazofungwa na sehemu zitakazolishwa, na siku ya kufungua ijulikane kwa wote. Mwaka ujao zibadilishane, sehemu iliyochoka ipumzike. Aliye na nguvu akate majani wakati yanapochanua ayakaushe na kuyaweka ghalani, kwa maana nyasi zilizosimama mpaka Septemba huwa zimepoteza sehemu kubwa ya lishe yake.

Tatu, mapatano yageuzwe kuwa sheria ndogo, yapitishwe na Mkutano Mkuu na kupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuthibitishwa, mipaka ichorwe katika ramani ya kijiji na iwekewe alama ambazo mtoto mchungaji atazitambua. Faini iwe moja kwa tajiri na kwa maskini, na fedha yake isomwe mkutanoni.

Nne, wanawake wawemo katika kamati, na wasiwekwe kwa kujaza viti. Wao ndio wanaojua kuni zimekwenda mbali kiasi gani, na maziwa yamepungua tangu mwezi gani.

Tano, vijiji jirani vikutane mapema, wakati matumbo yamejaa na hasira haijapanda, vipatane juu ya njia za ng'ombe, maji ya lambo na malisho ya pamoja. Mapatano ya kiangazi hufanywa masika.

Na kwa Serikali tunalo neno pia. Isaidie kupima, maana mipango ya matumizi ya ardhi ina gharama na vijiji vingi haviwezi peke yao. Isilete mpango uliokwisha kuandikwa mjini ukaja kijijini kupigiwa makofi. Bwana mifugo apewe usafiri na muda wa kukaa na watu. Na kiongozi anayegawa malisho kwa mtu wa nje nyuma ya mgongo wa Mkutano Mkuu ashitakiwe kama mwizi wa mali ya umma, kwa sababu ndivyo alivyo.

Wazee wa Shinyanga walikwisha kuijibu hoja ya wale wasemao kwamba mwananchi wa kijijini hawezi kutunza ardhi mpaka asimamiwe. Walipolazimishwa walikataa. Walipohamishwa walipoteza. Walipoulizwa na kuachiwa kazi yao, walizirudisha nyasi mahali ambapo wengine walikwisha kuona jangwa. Kazi hiyo sasa yataka kulindwa katika Shinyanga na Simiyu, na yataka kuigwa Tabora, Singida, Manyara na kila penye zizi. Mkutano wa kijiji ujao, ndugu msomaji, usiende kukaa nyuma kimya. Simama uulize: malisho yetu ni hekta ngapi, yamefungwa wapi, na yameandikwa katika daftari gani?